Bonde la Msimbazi: fidia inasubiriwa, choo kitengenezwe sasa

Swali tunaloulizwa sana na akina mama wa Jangwani, Kigogo na Hananasif masika yanapokaribia si la homa wala la chanjo. Ni hili: nyumba imeshathaminiwa, hela haijaingia, choo kimetitia, nikitengeneze au nisubiri?

Kitengeneze. Ila nawaelewa wanaosita, maana wana sababu.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde hili zilipigwa alama ya X na kubomolewa, watu wakabaki na mabati yao barabarani. Aliyeona hayo haamini haraka akiambiwa kwamba safari hii atalipwa, na akishaamini anaogopa kugusa hata tofali moja asije akajiharibia.

Mradi wa sasa umekuja kwa njia nyingine. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI, ndiyo inayousimamia. Walio kwenye eneo la hatari wanalipwa wahame, mto uchimbwe na kupanuliwa, daraja jipya la Jangwani lijengwe na sehemu ya bonde iwe bustani. Kuna waliolipwa wakaondoka, kuna waliolalamikia kiasi, na kuna waliohesabu masika zaidi ya moja wakisubiri. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, inaanza kudaiwa na riba. Riba hiyo ni haki yako, iulizie. Lakini haimrudishii mtoto maji aliyopoteza kwa kuharisha.

Hapa ndipo afya inapoingia. Kinachowekwa nje ya hesabu ya fidia ni kile unachojenga baada ya uthamini. Ukiongeza chumba leo, hutalipwa chumba hicho. Watu wengi wamelichukua hili kama amri ya kutogusa kitu chochote, basi mfuniko wa shimo ukivunjika unawekewa kipande cha bati, na shimo likijaa linaachwa. Kuziba ufa na kufunika shimo ni matunzo ya nyumba unayoishi. Kama una wasiwasi, mwone mtendaji wa mtaa kwanza, umweleze unachotaka kurekebisha na upige picha kabla ya kuanza.

Shimo lililojaa katika bonde lina kawaida yake, na sote tunaijua: mvua kubwa ikianza, mtu anatoboa ukuta wa shimo na kutapisha choo kwenye maji yanayopita. Simlaumu kirahisi, kwa sababu gari la majitaka halifiki kwenye vichochoro vile na bei yake si ya mchezo. Hata hivyo kinyesi kile hakiendi baharini moja kwa moja. Kinaingia kwa jirani wa chini, kwenye kisima kifupi, na kwenye bomba lililopasuka mtaroni, ambalo maji yakikatika linavuta uchafu ndani. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi na kuugusa umma wa zaidi ya watu 20,000. Kama shimo lenu limejaa, changishaneni wapangaji na mwenye nyumba mlinyonyeshe kabla ya mvua, wakati gari au wanyonyaji wa mikono wanaweza kufika.

Wapangaji nawataja kwa makusudi. Nyumba moja ya bonde inaweza kuwa na familia nne au tano, na anayelipwa nyumba ni mwenye nyumba. Mpangaji mara nyingi anajua kwamba fidia imetoka siku anapoambiwa afungashe. Wakati huohuo, jirani aliyelipwa akibomoa, shimo lake linabaki wazi katikati ya kifusi. Mtoto anaweza kutumbukia humo, na maji yaliyosimama yanazalisha mbu. Ombeni serikali ya mtaa ifukiwe, msingoje mkandarasi.

Kwa maji ya kunywa, chemsha hadi yatokote vizuri, au tumia dawa ya klorini kama maelekezo ya pakiti yanavyosema. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, maana tope linaidhoofisha dawa.

Mtoto akianza kuharisha, mpe ORS hapohapo: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, na uliyoikoroga uimwage baada ya saa 24. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zinki ataendelea nayo kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Wengi huiacha siku ya tatu. Akibonyea macho, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akitoa damu, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mpeleke kituoni mara moja huku ukimpa ORS njiani. Na homa kali kipindi cha mvua ipimwe malaria. Usimpe diklofenaki wala aspirini kwa kubahatisha, kwa kuwa Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Siku ya kuhama huja ghafla kuliko ulivyodhani. Weka kadi ya kliniki ya mtoto, kadi yako ya wajawazito kama una mimba, na karatasi za uthamini kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, sehemu ya juu. Anayetumia dawa za TB, za VVU au za presha aombe barua ya uhamisho mapema na aulize kituo kilicho karibu na anakokwenda, kwa sababu Chanika na Mbagala ni mbali kwa mtu aliyebakiwa na vidonge vya siku mbili. Na kama chanjo ya mtoto inaangukia wiki ya kuhama, njoo kabla; kama tarehe yake haijafika, tutakuelekeza kituo cha kule.