Herufi Tatu za Kiingereza na Hatima ya Watoto wa Nyanda za Juu Kusini

Katika barua za maombi ya kazi zinazoandikwa na wahitimu wetu, kuanzia Mbeya hadi Iringa, ipo sentensi ya kufungia inayokosewa kwa namna ileile kila mwaka: "I look forward to hear from you." Mwajiri huicheka, mwalimu huipigia mstari mwekundu, na jamii huhitimisha kwamba vijana wa siku hizi hawana akili. Nalikataa hitimisho hilo. Kosa hilo ni kazi ya akili inayofuata kanuni, lakini ambayo haikuoneshwa kanuni hiyo inakomea wapi.

Tuitazame lugha yenyewe. Katika Kiswahili, "kusoma" ni neno moja lenye kazi mbili. Tunasema "anataka kusoma", kisha tunasema "kusoma kwake kumemfaa", na umbo halibadiliki. Mtoto wa Tukuyu aliyelelewa kwa Kinyakyusa anasema "ukubomba" kwa kazi zote mbili hizo; Kihehe na Kibena nazo zina mpangilio huohuo wa Kibantu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo mara mbili: "to work" na "working". Tena kimeweka mtego, kwa kuwa "to" ziko mbili. Moja ni alama ya kitenzi, kama katika "I want to work". Nyingine ni kihusishi, na kihusishi hudai jina mbele yake. Kitenzi kikikaa hapo, sharti kivae "-ing".

Namna ya kuzitofautisha ni nyepesi. Weka jina mahali pa kitenzi. "I am used to the cold" ni sentensi kamili, na mkazi yeyote wa Uyole anaweza kuitamka kwa haki. Basi tutasema "I am used to working in the cold". Lakini "I want to the cold" haisimami. Kwa hiyo hapo "-ing" haina nafasi. Somo hili halizidi dakika kumi, mradi mwalimu aruhusiwe kulieleza kwa lugha ambayo wanafunzi wanaielewa. Zipo shule ambazo mwanafunzi huadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili hata uwanjani. Tumeikataza lugha ya kufafanulia, kisha tunashangaa kwamba hakuna kilichofafanuka.

Hasara haiishii kwenye barua za kazi. Mtoto wa Kilolo au Mbarali husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaelewa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Anapoingia Kidato cha Kwanza, maarifa yaleyale anadaiwa kwa Kiingereza ambacho hajafundishwa vya kutosha. Anakariri, au ananyamaza. Mtoto wa mwenye uwezo alikwishalipiwa shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu utotoni. Mfumo huu unapima mfuko wa mzazi, kisha unaandika matokeo kwa jina la mtoto.

Wala hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwana wa Njombe, wakati huo ikiwa ndani ya Mkoa wa Iringa, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo hilo likawekwa kando. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri kiendelee. Sera ya Elimu ya 2014 iliahidi matumizi ya Kiswahili katika ngazi zote. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lugha inayoweza kuamua uhai na mali ya mtu inashindwaje kueleza mzunguko wa damu?

Watanijibu kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia. Sawa, na ndiyo maana nataka kifundishwe. Wafini husoma baiolojia kwa Kifini, na Kiingereza chao hakichekwi na mtu, kwa sababu wanafundishwa Kiingereza kama somo, na walimu wanaokijua. Kujifunza lugha ni jambo moja. Kujifunza kila kitu kupitia lugha usiyoijua ni jambo jingine. Sisi tumeyachanganya hayo mawili, tukapoteza yote.

Watasema pia istilahi hazipo. Zipo, na pale zinapopungua zitaundwa kwa kutumika. Istilahi isiyoingia darasani hubaki kabatini.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Masomo ya sekondari yafundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili. Kiingereza kiwe somo lenye vipindi vya kutosha na walimu walioandaliwa barabara. Na mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe kulinganisha lugha hadharani, "ku-" ubavuni mwa "to" na "-ing", bila kuogopa mkaguzi. Hadi hayo yatakapofanyika, anayemcheka kijana wa Makete kwa kuandika "to hear" ajue kwamba anacheka kazi ya mikono yetu sisi tuliopewa dhamana ya kumfundisha.