Nani Kakituma Kusogeza Mistari Yangu?

Jamani, leo nina ugomvi na kihariri. Si mhariri wangu wa gazetini, huyo tutamalizana wenyewe. Nasema kihariri cha kompyuta, hiki tunachoandikia SQL tunapochimba takwimu kwenye hifadhidata. Unabonyeza Enter, nacho kinaamua chenyewe mstari unaofuata uanzie wapi. Unaurudisha kushoto, ukiandika tena kinausukuma kulia. Nani kakituma?

Watetezi wake watasema kinasaidia. Kwenye Python nawakubalia. Lugha ile ya Guido van Rossum, iliyotoka 1991, imefanya nafasi za mwanzo wa mstari kuwa sheria: ukizikosea, programu inagoma au inafanya kingine. Hapo mashine ina kanuni ya kufuata. Lakini SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL, haijali nafasi hizo hata kidogo. Tumia mstari mmoja au ishirini, jibu ni lile lile. Kwa hiyo kihariri kinabahatisha tu. Anayehitaji mpangilio ule ni binadamu anayesoma, basi.

Na hapo ndipo penye hatari. Tazama:

WHERE mkoa = 'Mara'
   OR mkoa = 'Mwanza'
   AND mwaka = 2022

Jicho linasema: mikoa miwili, mwaka 2022. SQL inasema vingine, maana AND hutangulia OR. Utaletewa Mwanza ya 2022, pamoja na Mara ya miaka yote iliyomo kwenye jedwali! Kihariri kikipanga OR na AND sambamba kama ndugu wa tumbo moja, ni kwa sababu kinaona maneno, hakioni maana. Mwandishi anayekagua haraka haraka usiku, gazeti likisubiri kwenda mitamboni, ataona safu imenyooka na ataamini. Kesho yake idadi ya Mara imevimba ukurasa wa mbele, na mwananchi aliyetoa hela yake kununua gazeti hana namna ya kujua.

Najua kuna atakayesema tatizo ni mabano, si kihariri. Kweli, mabano ni wajibu wetu na yawekwe. Lakini ukipanga kwa mkono unalazimika kujiuliza kipi kiko chini ya kipi, na ndipo unapogundua mabano hayapo. Kihariri kinakuondolea swali hilo kabla hujajiuliza.

Sisemi tuishi bila msaada. Kupanga kwa kuombwa, sawa kabisa: timu ikubaliane mtindo, mtu atoe amri, aone kilichobadilika. Kwa sasa ingia kwenye mipangilio. SQL Server Management Studio ina None, Block na Smart. Chagua Block, mstari mpya utaanzia pale ulipoanzia uliotangulia. Kwenye Visual Studio Code, weka editor.autoIndent iwe keep. Na nyie mnaotengeneza vihariri, kwa SQL hivyo ndivyo vingetakiwa kutufikia tangu mwanzo, anayetaka zaidi aombe.

Mashine ihesabu, hiyo ndiyo kazi yake. Kupanga swali ni kazi ya anayeuliza, maana ni jina lake litakalokaa juu ya habari. Au nasema uongo, wadau?