Ardhi iliyomlea Kamoya Kimeu nayo ichunguzwe

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kwa Magavana wa Kitui na Makueni



Agosti 22, 1984 ilikuwa siku ya mapumziko kambini Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wenzake wakipumzika, Kamoya Kimeu alitoka kutembea kandokando ya mto uliokauka, macho chini kama kawaida yake. Mahali palipojaa changarawe nyeusi aliona kipande cha mfupa wa kipaji cha uso, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na chenye rangi ileile ya mawe yaliyokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga akapita. Watafiti walipoanza kuchimba, vipande vya fuvu vilipatikana vimenaswa katikati ya mizizi ya mti wa miiba, na kazi ya misimu iliyofuata ikatoa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Leo anajulikana dunia nzima kama Kijana wa Turkana.

Mwenye macho hayo alizaliwa Makueni, mwana wa mchunga mbuzi. Aliajiriwa na watafiti Louis na Mary Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba, tena katika jamii ambayo kugusa mifupa ya wafu lilikuwa jambo la kuogofya. Mwaka 1964 aliokota taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Mwaka 1967 alikuwa Omo, Ethiopia, yalikopatikana mabaki yaliyo miongoni mwa ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu. Mwaka 1977 Makavazi yalimkabidhi usimamizi wa maeneo ya kale kote nchini, na mwaka 1985 Rais Ronald Reagan alimtunuku medali Ikulu ya Marekani. Alifariki Julai 2022. Kikosi alichokiongoza cha wasaka visukuku kilijaa Wakamba, watu ambao majina yao yanastahili kufahamika katika miji ya Wote na Mwingi kama yanavyofahamika majina ya wanariadha.

Jambo linalouma ni hili: watu wa Ukambani wameifunulia dunia historia ya Turkana, Natron na Omo, lakini historia iliyo chini ya miguu yao wenyewe imeguswa juu juu tu.

Si kwamba hakuna kitu Ukambani na maeneo yanayoizunguka. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alitangaza matokeo ya uchimbaji wake Kwale, karibu na pwani: vyungu vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo, vinavyotambulika kwa midomo iliyochongwa kingo na kupigwa mifereji. Mwaka 1976 alichapisha taarifa ya maeneo ya kale ya milima ya Chyulu, ambayo Makueni inaigawana na majirani zake. Upande wa pili wa Mtito Andei, ndani ya Tsavo, Chapurukha Kusimba na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha jinsi bara hili kavu lilivyofungamana na miji ya pwani.

Ufungamano huo ndio kiini cha ombi hili. Gede, mji wa kale wa pwani uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na ni haki yake. Wageni huonyeshwa vigae vya kauri kutoka China na kuambiwa habari za Bahari ya Hindi. Lakini bandari za pwani ziliuza pembe za ndovu, na ndovu hakuvuliwa baharini. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilizifikisha Mombasa kwa wingi. Mmisionari Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwezi Desemba 1849 alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilijulikana hadi pwani. Kambi za misafara hiyo, visima vyake, ushanga uliodondoka njiani, tanuri zilizoyeyusha chuma cha mishale: hayo yote ni sehemu ya ufungamano huo wa bara na pwani, na yamo katika udongo wa kaunti hizi mbili.

Udongo huo nao hautulii. Mashamba mengi ya Makueni yana matuta ya fanya juu, na vijiji vingi vya Kitui vina silanga (bwawa dogo la maji) au bwawa la mchanga. Mwenye jembe ndiye wa kwanza kukutana na kigae au mavi ya chuma, na asipojua ni nini hukitupa ukingoni. Malori huchota mchanga mitoni, ingawa Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Kisha kuna Bwawa la Thwake, kwenye makutano ya Athi na Thwake, lililobuniwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Maji yanahitajika, na hakuna wa kuyapinga katika nchi ya ukame. Misri nayo iliyahitaji ilipojenga bwawa la Aswan, lakini kabla ya ziwa kujaa, mataifa yalishirikiana kuchimba Nubia na kuhamisha mahekalu ya Abu Simbel jiwe kwa jiwe.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kuyaarifu Makavazi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makavazi, huku kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo ofisi zote tatu zinahusika, na hakuna ya kuisukumia nyingine.

Barua hii inaomba mkae meza moja. Taarifa zote za mambo ya kale zinazohusu eneo la Thwake zisomwe katika mabaraza ya vijiji vya kingo zote mbili, kwa Kikamba. Makavazi yatume wataalamu watembee Chyulu, Nzaui, Mutha na bonde la Athi pamoja na wazee na wachunga mifugo, kwa mwendo ule wa Kamoya. Maafisa wa kilimo, ambao tayari huwafikia wakulima wa matuta, wafunzwe kutambua kigae cha kale na mavi ya chuma, na wapewe namba ya kupiga. Fedha za kuanzia ziingizwe katika bajeti ijayo ya kaunti zote mbili, na kazi ianzie bonde la Athi, kwa sababu huko ndiko maji yatakakotangulia kufika.