Hadithi za watoto zishuke kutoka mtandaoni hadi Chala

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa umezuka mtindo mpya wa kuwapatia watoto wa Afrika vitabu. Wapenzi wa vitabu vya watoto, wakiwemo walimu, wazazi, wachoraji na wafasiri, hukutana kwenye intaneti bila kujuana kwa sura, wakatunga hadithi fupi, wakazitafsiri na kuzitoa bure. Mpango unaojulikana zaidi katika sehemu zetu ni African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014 na majaribio yakafanywa Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini yenyewe. Mwaka uliofuata, Pratham Books ya India ilifungua StoryWeaver kwa nia iyo hiyo.

Juhudi hizi zastahili pongezi. Hata hivyo, swali linalonikera ni hili: mtoto wa Chala, huku mpakani karibu na Taveta, anafaidika vipi? Kwa maoni yangu, faida yake itabaki kuwa ndogo mpaka hadithi hizo zichapwe kwenye karatasi, na mpaka sisi wenyeji tuwe watungaji wala si wapokeaji tu.

Hebu tutazame jinsi mpango wenyewe unavyofanya kazi. Kitabu cha kawaida hutolewa kwa sharti kwamba haki zote zimehifadhiwa, na anayekinakili bila idhini huvunja sheria. Hadithi hizi ni kinyume chake. Mtungaji huruhusu tangu mwanzo kazi yake isomwe, itafsiriwe, irekebishwe na kuchapwa, mradi jina lake litajwe. Baadhi ya hadithi zina sharti la ziada kwamba zisiuzwe kwa faida. Hivyo basi, hadithi iliyotungwa Turkana yaweza kusomwa kwa Kiswahili na mtoto wa Voi bila mtu yeyote kulipia haki ya kuitumia. Katika nchi ambayo sheria ya mwaka 2013 ilitoza vitabu kodi ya VAT ya asilimia 16, hilo si jambo dogo kwa mzazi.

Kwa lugha kama Kitaveta, umuhimu wake ni mkubwa zaidi. Mchapishaji wa kibiashara huuliza kwanza atauza nakala ngapi, na wasemaji wa Kitaveta ni wachache mno kumpa jibu la kumridhisha. Walakini mtandaoni, kuiweka hadithi ya Kitaveta hakugharimu zaidi ya kuiweka ya Kiingereza. Ni ajabu kuona uhaba wa vitabu vya watoto katika mahali ambapo wamishonari walichapisha gazeti la Taveta Chronicle tangu mwaka 1895, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa katika nchi hii.

Wala si kwamba hatuna la kusimulia. Tunalo Ziwa Chala, lililojaa ndani ya shimo la volkeno, nusu yake Kenya na nusu Tanzania, likilishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Tunaye perege ambaye asili yake ni ziwa hili tu. Tunayo masimulizi ya kijiji kilichomezwa na maji. Mtoto wetu akisoma juu ya theluji ya Ulaya kabla hajasoma juu ya ziwa lililo karibu na kwao, atadhani kwamba vitabu ni mambo ya watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba serikali ilikwisha kuleta vishikwambi, zaidi ya milioni moja, katika mpango ulioanza mwaka 2016. Lakini kishikwambi huhitaji umeme, huhitaji fundi, na mtoto haendi nacho nyumbani jioni. Kijitabu cha kurasa kumi na sita kilichobanwa kwa pini mbili hakihitaji lolote kati ya hayo. Hata kikichanika, hupigwa chapa kingine.

Wengine watauliza, kwa nini Kitaveta au Kidawida ilhali watoto wa makabila mbalimbali hukaa dawati moja na Kiswahili chatosha? Nakubali kwamba Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Hata hivyo mtaala mpya, ulioanza kufundishwa kote nchini mwaka 2019, unazipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini. Dawa ni kijitabu chenye lugha mbili, ukurasa kwa ukurasa, ili pasiwepo mtoto wa kuachwa nje.

Pamoja na hayo, tusijiingize kichwa kichwa. Mfasiri wa kujitolea aliye mbali akikosea Kitaveta, msomaji wa Nairobi au London hatagundua. Kosa litaingia kitabuni na mtoto atalisoma kama sahihi. Kwa hiyo kila tafsiri ikaguliwe na wazee na walimu wa hapa kabla ya kutolewa. Tena, hadithi ikishatolewa kwa uhuru wa namna hiyo hairudi. Mzee anayesimulia aelezwe waziwazi kwamba simulizi lake litakuwa mali ya dunia nzima, na akikataa, aheshimiwe.

Jukumu kubwa zaidi naliona liko kwa serikali ya kaunti ya Taita Taveta. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na maktaba. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yanayohusika hapa. Kaunti haina haja ya kungoja wafadhili. Na ichague hadithi chache kila muhula, ikague masharti yake, ilipie karatasi na wino, na kuvigawa vijitabu hivyo kuanzia shule zilizo mbali kama za Chala. Walimu nao wakusanye masimulizi ya wazee na kuyapeleka mtandaoni yakiwa na majina ya wenyewe.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Walioko mbali wamekwisha kutufungulia uwanja. Sasa ni zamu ya kaunti, walimu na wazazi wa Chala kuingia na kucheza, kabla wazee wenye kuyajua masimulizi hayo hawajatutoka.