Tuchague avoka mbele ya ajali, si nyuma yake



Msimu huu tulipofika Musumba kugawa mbegu ya mahindi, jina moja liliitwa mara tatu na hakuna aliyeitika. Ni jina la mzee tunayemfahamu, mtu wa kazi asiyekosa mkutano. Tulipomaliza kugawa tukaenda kwake. Tulimkuta chini ya mwembe pamoja na mtoto wake, kijana aliyeondoka miaka miwili iliyopita kwenda kutafuta kazi Kolwezi. Kijana amerudi na mguu mmoja ambao haukunji tena. Kule alikuwa anatumika kwa sutretan, ni kusema kompanyi ndogo inayotoa wafanyakazi kwa kompanyi kubwa. Chuma kilimuangukia. Walimpeleka hospitali, wakamfunga plasta, na siku ya nne mtu mmoja akamletea karatasi kitandani.

"Nilisinyaka juu batoto balikuwa na njala," alituambia. "Banilipa feza ya miezi tatu, njo mwisho."

Karatasi ile iliandikwa kwa Kifaransa. Tulimsomea. Ilisema kwamba amelipwa yote na hataomba kitu kingine. Siku ile hospitalini hakuna mtu aliyemsomea. Kisha kutoka, kijana alitafuta avoka. Alipata mtu mmoja mjini, amevaa vizuri, ana mkoba. Mtu huyo aliomba feza ya kufungua dosye, kisha feza ya usafiri, na nyuma yake simu yake haikuita tena. Baba aliuza mbuzi wanne na mahindi aliyokuwa ameweka. Ndiyo sababu hakuja kwenye mbegu: hakuwa na mchango, na aliona haya.

Sisi tulisoma kilimo, hatukusoma sheria. Lakini mbuzi wanne wakiuzwa na hekari moja ikibaki bila kulimwa, hilo ni jambo la kilimo pia. Na tunajua nyumba nyingi za kwetu zina mtoto Kolwezi, Fungurume ao Likasi. Ndiyo maana tunatoa mawazo yetu hapa: mtu aliyeumia hapashwi kuchagua avoka peke yake, akiwa kitandani, akiwa na njala. Koperative ichague pamoja, mbele ya ajali.

Tuanze na haki yenyewe, juu wengi wanafikiri wanaomba sadaka. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inalazimisha kila mwenye kazi kuandikisha wafanyakazi wake kwenye CNSS, ile kasa ambayo zamani tuliita INSS. Kwa upande wa ajali na magonjwa ya kazi, mwenye kazi analipa 1,5 kwa 100 ya mshahara, na hiyo ni juu yake peke yake; mfanyakazi hakatwi kitu kwa sehemu ile. Kasa ndiyo inapashwa kulipa matunzo na feza ya siku ambazo mtu hawezi kutumika. Akibaki na kilema, anapata feza kufuatana na kiasi cha kilema ambacho daktari anaandika. Akikufa, mjane na watoto wana haki yao. Kwa hiyo yule anayeleta bahasha kitandani hatoi zawadi. Mara nyingi anataka mambo yaishe mbele ya CNSS na inspekta wa kazi kusikia.

Shida ni kwamba wengi hawajui hata mwenye kazi wao ni nani. Ripoti ya mwaka 2021, iliyofanywa na shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi, iliangalia machimbo makubwa 5 ya cobalt. Ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wamechukuliwa kupitia sutretan. Mtoto anasema anatumika kwa kompanyi kubwa, lakini kontra yake ina jina lingine, ao hana kontra kabisa. Ajali ikifika, kila mmoja anamuonyesha mwingine.

Kwa hiyo kitu cha kwanza si avoka. Kitu cha kwanza ni karatasi. Hata avoka mzuri sana hawezi kusimama bila karatasi, sawa vile sisi hatuwezi kukuambia udongo wako una nini bila kuuona. Mwambieni mtoto wenu akiwa bado mzima: piga picha ya kontra, ya kadi ya kazi na ya karatasi ya mshahara, uzitume nyumbani. Akiumia, siku ileile aandike saa, mahali, mashini gani, nani aliona. Aombe hospitali karatasi ya daktari inayosema wazi kwamba ni ajali ya kazi. Ajue kama mwenye kazi ametangaza ajali kwa CNSS na kwa inspekta. Kama hakutangaza, jamaa wasikae kungoja: waende wenyewe CNSS na kwa inspekta, waeleze, na waombe nakala yenye muhuri. Na asitie saini karatasi yoyote ambayo mtu wake mwenyewe hajamsomea. Kama ametia tayari, asifikiri yote yamekwisha: karatasi ile aionyeshe kwa inspekta ao kwa avoka wa kweli.

Kitu cha pili ni kujua njia. Kodi ya Kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema neno moja muhimu sana: kesi ya mfanyakazi na mwenye kazi haipokelewi kwenye tribinali kama haijapita kwanza kwa inspekta wa kazi kwa kutafuta mapatano. Pande mbili zikikosa kupatana, inspekta anaandika PV, na PV ile ndiyo inafungua mlango wa tribinali. Hii inawapa kipimo rahisi. Mtu anayesema "lete feza, kesho tunaingia tribinali", bila kuuliza habari ya inspekta, hajui kazi ao anawadanganya. Tena kuna saa. Madai yanayotoka kwenye kontra ya kazi yanakufa kisha miaka 3, na madai ya mshahara kisha mwaka 1 tu. Anayengoja mpaka mguu upone kabisa anaweza kukuta mlango umefungwa.

Sasa tufike kwa avoka mwenyewe. Mnajua sisi tunavyofanya na mbegu ya gunia lisilo na alama: hatuipandi shamba lote kwa sababu muuzaji anasema vizuri. Tunachukua mbegu 10, tunazilaza kwenye kitambaa chenye maji, tunahesabu ngapi zimeota. Kwa avoka pia tuwe na maulizo ya kumpima.

La kwanza: jina lako liko wapi? Kufuatana na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, avoka anaandikwa kwenye orodha ya baro, na baro inafuata Mahakama ya Rufani. Kwetu ni Baro ya Lualaba. Kuna pia defansere, ambaye anaandikwa kwenye tribinali kubwa. Wote wawili wanaweza kusaidia. Asiyekuwa kwenye orodha yoyote si mtetezi, hata mkoba wake ukiwa wa ngozi. Mtu wenu mmoja aliye Kolwezi anaweza kufika kwenye ofisi ya baro na kuuliza jina.

La pili: umekwisha kufanya dosye za CNSS na za inspekta wa kazi? Avoka anaweza kuwa hodari kwa mambo ya ardhi ao ya talaka na asijue njia hii. Mwombe akueleze hatua zake moja moja. Anayejua ataeleza kwa maneno ya kawaida, na atakuuliza karatasi zako mbele ya kukuuliza feza.

La tatu: unatumikia hii kompanyi, ao sutretan wake? Kolwezi si mji mkubwa, na kompanyi zinalipa vizuri. Mtu mmoja hawezi kula kwenye sahani mbili. Muulize uso kwa uso, na jibu liandikwe kwenye mapatano yenu.

La ine: feza ni ngapi, inalipwa lini, na ya nini? Iandikwe, na kila franga itoke na risiti. Muulize pia kama kesi ikianguka unadaiwa nini. Soma vizuri karatasi inayompa ruhusa ya kusimama kwa jina lako, zaidi pale inaposema nani atapokea malipo. Sisi tunaona ni vizuri malipo yafike mkononi mwa mgonjwa mwenyewe, kisha yeye amlipe avoka.

La tano: tutaonana namna gani? Kutoka Musumba kwenda Kolwezi kwa kupitia Sandoa, mvua ikinyesha, si safari ya siku moja. Avoka aseme siku gani ya mwezi atapiga simu, na kwa nani.

Kwa asiye na kitu kabisa, sheria ileile ya 1979 imeweka kwenye kila baro biro ya mashauri ya bure. Ufike na karatasi ya serikali inayoonyesha kwamba huna uwezo. Na Kolwezi kuna CAJJ tuliyoitaja, ambayo inasaidia watu kwa mambo ya sheria.

Wengine wanangoja avoka wa mbali. Desemba 2019, avoka wa Marekani walifungua kesi Washington kwa jina la familia za watoto wa Congo waliokufa ao kuumia kwenye mashimo ya cobalt, wakidai Apple, Dell, Microsoft, Tesla na mwenye Google. Mwaka 2021 hakimu aliikataa, na Machi 2024 mahakama ya rufani ilikubali ikataliwe. Hatusemi kesi ile ilikuwa kazi ya bure, ulimwengu ulisikia. Lakini miaka zaidi ya 4 ilipita na hakuna fidia iliyoagizwa. Mguu uliovunjika Kolwezi unahitaji kwanza mtu anayejua njia ya kwenda kwa inspekta wa Kolwezi.

Hatuwezi kusahau wachimbaji wa mkono. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye chimbo la KOV la kompanyi KCC, Kolwezi, na zaidi ya watu 40 walikufa. Walikuwa wameingia kuchimba bila kontra na bila CNSS. Kwa watu namna hiyo njia ni nyembamba sana. Inabaki kifungu cha 258 cha Kodi ya Kiraia, kinachosema kwamba anayeleta hasara kwa kosa lake anapashwa kuilipa. Lakini kosa lile unapashwa kulionyesha wewe. Hapo ndipo avoka ni wa lazima, na hapo ndipo masikini anakosa avoka. Mzazi anayemuaga mtoto wake ajue tofauti hii.

Tunasikia tayari watakaosema: sisi ni wakulima, tuna chifu, tuna kiti cha Mwant Yav, mambo yetu tunayamaliza nyumbani. Kwa mipaka ya shamba na ugomvi wa ndugu ni kweli, na ni vizuri. Lakini sutretan wa Kolwezi haji kuketi kwenye baraza letu. Wengine watasema feza haipo. Feza inatoka tayari: mbuzi wanne wa mzee yule walikwenda kwa mdanganyifu. Koperative iliyoandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kufanya mapatano na avoka mmoja kwa jina la wanamemba wote, na ikapata bei ambayo mtu mmoja hapati. Kidole kimoja hakiui chawa.

Na kuna neno lingine, gumu kidogo kwetu. Mashini ya kusaga ya koperative inatumikwa na vijana wawili. Mkanda wake hauna kifuniko. Tumeuliza kama vijana wale wameandikwa CNSS, na jibu ni hapana. Basi kesho kidole kikikatika, ni sisi tutakaobeba bahasha kwenda kitandani. Hatuwezi kudai haki Kolwezi na kuinyima hapa. Tufunike mkanda wiki hii, na vijana waandikwe.

Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu ujao uweke mambo matatu: kuchagua watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, watakaouliza Baro majina na kuleta maulizo matano kwa avoka watatu, kuweka sehemu ndogo ya feza ya mavuno kwa kazi hiyo, na kuandikisha wafanyakazi wetu wenyewe.

Kijana tuliyemtaja, dosye yake iko sasa mbele ya inspekta. Mwisho wake bado. Baba yake tulimuwekea mbegu pembeni. Aje kuichukua, asione haya.