Kamusi Itolewe Kabatini

Kasumba ya ukoloni ina sura nyingi, na mojawapo ni dhana ya baadhi ya watumishi wa umma kwamba Kiswahili hakihitaji kusomwa. Mtumishi huyo akiandika barua kwa Kiingereza hufungua kamusi mara tatu kwa kuogopa kuchekwa. Akiandika kwa Kiswahili huandika lolote linalomjia, kisha hutia sahihi na kugonga muhuri.

Matokeo yake yamebandikwa kwenye mbao za matangazo. Taarifa "inawakilishwa" badala ya kuwasilishwa, mkutano unachukua "masaa" mawili, na sherehe "zinaazimishwa" badala ya kuadhimishwa. Wako watakaosema kwamba huo ni ubishi wa wanasarufi. Basi na lichukuliwe tangazo kwamba Halmashauri "inakodisha" trekta. Mkulima akilisoma atafunga safari na fedha zake kwenda kulitaka trekta hilo. Kumbe mwandishi alikusudia kusema kwamba Halmashauri inatafuta trekta la kukodi. Silabi moja imempotezea mkulima nauli na siku ya kazi. Na tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, neno lililokosewa laweza kumpotezea mtu zaidi ya nauli.

Hakuna awezaye kujitetea kwamba zana hazipo. Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Baraza nalo likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Vitabu hivyo si orodha za maneno tu. Humo jina huonyeshwa ngeli yake, na kitenzi huandamana na minyambuliko yake. Walimu wanaobishana kama ni "mahali hii" au "mahali hapa" wangepata jibu kabla chai haijapoa.

Lakini kamusi yenyewe iko wapi? Ziko shule ambazo zina nakala moja tu, nayo imefungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu, mwenye ufunguo akiwa safarini. Maofisini fungu la mapazia na viti vya wageni halikosekani; la kamusi halijapata hata kufikiriwa. Wengine hujitetea kwamba simu zao zina kila kitu. Simu hujifunza kutokana na yale yaliyoandikwa na wengi, na wengi ndio hao hao wenye "masaa".

Wakuu wa idara wanapopanga makadirio ya mwaka, waanze na meza ya katibu muhtasari na ya karani wa masjala, kwani huko ndiko barua zinakopita kabla ya kumfikia mwananchi. Mwalimu mkuu naye akisafiri, aache ufunguo.