Mipaka Isichorwe Bila Wenyewe

Wengi wetu hudhani kwamba kura huibwa siku ya uchaguzi. Sisi twasema kura yaweza kupunjwa miaka kadhaa kabla ya hapo, siku mipaka ya maeneo bunge inapochorwa na wachache waliojifungia chumbani.

Katiba ya 2010 ilikusudia kukomesha desturi hiyo. Kifungu cha 89 kinaweka maeneo bunge 290, kinaagiza mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, na kinaitaka Tume ya Uchaguzi na Mipaka ishauriane na wote wanaohusika. Mapitio ya mwisho yalitangazwa Machi 2012. Ilipofika Machi 2024 Tume haikuwa na kamishna hata mmoja, na muda ukapita.

Kwetu Isiolo jambo hili si la vitabuni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika maeneo bunge mawili: wastani wa 134,001 kwa kila moja, ilhali wastani wa taifa ni takriban 164,000. Atazamaye tarakimu peke yake atasema tumependelewa. Lakini Katiba inaruhusu sehemu zenye watu wachache kupishana na wastani huo hadi asilimia 40, na inataka njia za mawasiliano na mahusiano ya jamii yazingatiwe. Mkazi wa Oldonyiro, magharibi, na mkazi wa Cherab, mashariki, humchagua mbunge mmoja wa Isiolo Kaskazini. Nani ataieleza Tume uzito wa umbali huo, na njia za mifugo kuelekea Ewaso Nyiro, kama si wafugaji wenyewe?

Kwa hiyo twadai vikao visiishie mjini. Vifike Merti, Garba Tulla, Sericho na Oldonyiro, viendeshwe kwa lugha za wenyeji, na ramani ya mapendekezo ionwe na watu mapema. Uamuzi ukishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu.

Nanyi wanaharakati na waumini, msingoje kuitwa. Borana, Turkana, Samburu, Meru na Wasomali waketi pamoja sasa, waandike maoni yao kwa haki, mpaka wa wadi usije ukageuzwa silaha ya jirani dhidi ya jirani. Wahenga walikwisha kutuonya: asiyekuwepo na lake halipo.